Barua ya Wazi kwa Idara ya Wino

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Kuchapa Maandishi,
Kiwanda cha Multimita za Bei Nafuu.

YAH: PONGEZI KWA KUUZUIA UMEME KWA WINO

Idara inayoongozwa na Mheshimiwa inastahili pongezi, kwa kuwa jambo ambalo wahandisi wamelihangaikia miaka mingi kwa kauri, mchanga na plastiki nene, yaani kumkinga fundi umeme asiunguzwe na kifaa chake mwenyewe, yenyewe imelimaliza kwa tone la wino mweupe. Tone hilo ni yale maandishi "CAT III 600 V" yaliyo kando ya matundu ya mita ndogo ya njano, ambayo huko Kariakoo na Luthuli Avenue hupatikana kwa bei inayokaribiana na ya kuku mmoja.

Kwa faida ya msomaji asiye fundi, ifahamike kwamba CAT ni kundi la upimaji katika kiwango cha kimataifa cha IEC 61010: kundi la II ni vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, la III ni nyaya na bodi za usambazaji ndani ya jengo, na la IV ni pale umeme unapoingilia kutoka nguzoni, mita ya LUKU ikiwemo. Kinachoyatenganisha makundi hayo si volti za kila siku bali mpigo, yaani volti zinazopanda ghafla kwa sehemu ndogo mno ya sekunde radi inapopiga karibu na laini au mota kubwa inapozimwa, na kadiri fundi anavyokisogelea chanzo cha umeme ndivyo mpigo huo unavyokuja na ampea nyingi zaidi. Mita ya CAT II 1000 V na ya CAT III 600 V zote hujaribiwa kwa mpigo wa volti 6,000, ila ya kwanza huupokea kupitia ukinzani wa omu 12 na ya pili kupitia omu 2, hivyo moja hukabiliwa na ampea 500 na nyingine ampea 3,000. Mnunuzi anayeona 1000 ni kubwa kuliko 600 amehesabu vizuri, na amekosea.

Idara haikujisumbua na hesabu hizo. Mita yake ikifunguliwa, mara nyingi bodi ya saketi huonekana imechorwa mahali pa varista, kijenzi cha kuumeza mpigo kabla haujafika kwenye chipu, lakini varista zenyewe hazipo, mfano wa viti vilivyopangwa ukumbini kwa ajili ya wageni ambao hawakupelekewa kadi. Tundu la ampea 10 nalo limeungwa kwenye kipande cha waya mnene na kuandikiwa kwa Kiingereza kwamba halina fyuzi (hapo Idara imesema kweli, na haki yake ipewe). Fundi aliyetoka kupima ampea, akasahau kuuhamisha waya mwekundu, kisha akagusa fezi mbili zenye volti 400 kati yake, huwa amezipiga shoti akiwa ameishikilia mkononi. Hata panapokuwa na fyuzi, ile ndogo ya kioo hupasuka huku mvuke wa chuma chake ukiendelea kupitisha umeme kama ulimi wa moto, ilhali ya kauri huwa na mchanga ambao huyeyuka, ukaganda na kuuzima moto huo. Tatizo ni kwamba fyuzi moja ya kauri ya volti 1,000 mara nyingi huuzwa ghali kuliko mita nzima ya Idara, na hapo ndipo busara ya kuchagua wino inapodhihirika. Kinachoshangaza ni kiasi tu, kwa kuwa gharama ya kuchapa tatu na ya kuchapa nne ni ileile, wala haieleweki ni kwa nini Idara ilijinyima kundi la IV.

Mheshimiwa anaombwa kuchagua moja: ama varista na fyuzi ziwekwe palipochorwa, ama maandishi yafutwe. Wakati jibu likisubiriwa, mita ya njano itaendelea kupima betri za redio, kazi inayoiweza barabara, na haitafikishwa kwenye bodi ya usambazaji.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Watumiaji wa Mita ya Njano