Sifa za Baiskeli ya Kuungaunga

Wametukuzwa farasi, yakatukuzwa na majahazi, lakini sijamwona aliyeinua kalamu kuisifu baiskeli iliyoungwa nyumbani kwa vipande vya kuokoteza, ambayo fremu yake ni Raleigh ya Nottingham, uma wake wa mbele ni wa Phoenix ya Shanghai, keria yake imetoka kwenye Hero ya Ludhiana, na tandiko lake hapana awezaye kulitolea ushahidi wa asili. Watu wa nasaba hujifaharisha kwa mji mmoja. Hii ina wazee katika miji mitatu, nao wamekutana uani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, pasi na hati ya kusafiria.

Amma fadhila yake iliyo dhahiri ni elimu. Anunuaye baiskeli dukani huweza kuiendesha umri wake wote asijue kwamba pedeli ya kushoto hukazwa kinyume cha desturi, ili isilegee kwa mwendo wa mguu. Aungaye yake hulijua hilo siku anapoibana spana kwa nguvu za mwili mzima, akidhani anafungua, kumbe anazidi kukaza. Fauka ya hayo hujifunza hesabu. Waingereza wa zamani walizoea kuitoboa habu ya nyuma matundu 40 na ya mbele 32, na ringi niliyojaaliwa kuipata ina matundu 36, hivyo spoki nne zimekosa pa kushika, zilizobaki zinavutana kama warithi, na gurudumu likizungushwa huchechemea mara moja kila mzunguko. Fundi wa jirani, mtu mwenye adabu zake, alichutama akalitazama, akalizungusha tena, kisha akasema, "Mzee wangu, kutembea litatembea, ila lina mawazo."

Wapo wadaio kwamba kwa jumla ya gharama zangu ningalinunua mpya na chenji ikabaki. Hesabu yao sina la kuikosoa, ila hawakutanabahi kwamba kutoa fedha kwa mkupuo humuumiza mtu, ilhali nati leo, gololi kesho na kotapini mtondo, haipo siku hata moja ambayo mtu aweza kusema ndipo alipofilisika. Na hiyo kotapini, kijipini cha chuma chenye ubapa upande mmoja, sharti isuguliwe kwa tupa hadi ikubali kuingia. Ya kushoto ikisuguliwa kuzidi ya kulia, kirenki hukaa upande, na mguu mmoja humtangulia mwenziwe kwenda sokoni.

Mama watoto, ambaye grisi imefika hadi kwenye mapazia yake, huuliza itakamilika lini. Swali hilo lina taksiri ndani yake. Baiskeli ya dukani huanza kuzeeka saa ile ivuliwapo makaratasi yake. Hii yangu haijapata kukamilika, na kisichokamilika kitahesabiwaje umri? Tena anichekaye akiniona na mnyororo mkononi, na akumbuke kwamba Wilbur na Orville Wright walikuwa mafundi baiskeli huko Dayton, Marekani, na ndege yao ya 1903 ilizungusha mapanga yake kwa minyororo ya jinsi hiyo hiyo. Sidai kwamba yangu itaruka, ingawa kwenye mteremko, breki zikishikwa na kiburi, haiko mbali.

Imebaki sifa ya amani. Wenye baiskeli mpya hulala sikio likiwa mlangoni; yangu hulala nje bila kufuli. Mwizi mmoja alipata kuichukua usiku, akaipanda hadi pembe ya mtaa, akashuka, akaiegemeza ukutani kwa taratibu na kwenda zake. Na asubuhi nilipoifuata niliikuta ile nati ya tandiko, iliyokuwa imenishinda siku nyingi, imekazwa vema.