Injini Mbili, Mfuko Mmoja

Ndege ya Cessna 310 iliacha kutengenezwa mwaka 1980, ila wapo waungwana wanaoiota bado. Karibuni Singida. Injini mbili, silinda 12, kila silinda plagi mbili: hizo 24, na mafuta hujagusa, maana hainywi mafuta ya taa kama wakubwa zake. Kokoto moja ya uwanja wa vumbi ikimega pangaboi, fundi hulisugua kwa tupa, taratibu, kama anayenoa kisu cha kuku wa mgeni, akizidisha, limekwenda. Mwenye ndege, naye, kafunga skrini mpya ya ramani. Inamwonyesha vizuri lami ya kwenda Dodoma, ambako basi humfikisha mtu kwa nauli isiyofika bei ya plagi moja.