Binadamu Hana Mipaka, Kilungu Ina Milima

Wahubiri wa hamasa wote niliowahi kuwasikiliza hukaa mahali tambarare. Husimama juu ya zulia, kipaza sauti kimebanwa shavuni, wakatuambia kwamba kizuizi pekee maishani kimo vichwani mwetu. Sina ugomvi nao. Ila ningefurahi kama siku moja mkutano wao ungefanyiwa Kilungu, ukumbi ukawa juu mlimani, nao wakatakiwa kufika kwa miguu.

Kwa asiyepajua: unatoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, pale Salama unakata kuelekea Nunguni, na baada ya muda gari linaanza kunguruma kwa sauti nyingine. Kilungu iko Makueni, na Nairobi ukisema kwenu ni Makueni watu hukupa pole, wakidhani kazi yenu ni kutazama mawingu yakipita. Kumbe kwetu ni kijani na ni baridi. Tuna maparachichi, tuna kahawa, tuna sukuma wiki, na kila mtu ana sweta. Kitu tusicho nacho ni uwanda. Mpira ukitoka nje ya kiwanja, wachezaji huketi chini na kupiga soga, maana aliyeutuma ndiye atakayeufuata bondeni, na bonde lenyewe si la mchezo.

Huko ndiko nilikokwenda Oktoba, likizo, nikiwa nimeiva kwa mafundisho. Miezi kadhaa nilikuwa nimesikiliza hamasa kwa simu ndani ya matatu, asubuhi na jioni, mpaka nikaweza kukariri nguzo zake tatu: jiamini, shukuru, vuka kiwango chako. Kwa ajili ya ile nguzo ya pili nilikuwa nimenunua daftari la shukrani, lenye jalada gumu na utepe mwekundu, la kuandikia kila asubuhi mambo ninayoyashukuru.

Nguzo ya kwanza ilipata mtihani kabla sijafika nyumbani. Pikipiki niliyopanda Nunguni ilifika chini ya mteremko wa kwetu ikakohoa, ikazima. Dereva akaugeukia mlima, akanigeukia mimi, akapiga hesabu.

"Mkubwa, shuka hapa. Mzigo nitaupeleka, wewe tembea, tutakutana huko juu."

Begi langu likapaa na vumbi. Mimi nikabaki na mafundisho. Mwalimu wa hamasa husema ukikutana na kikwazo, tamka kwa sauti: "Mimi ni mshindi." Nikaanza kupanda nikitamka. Hatua za kwanza nilisema sentensi nzima. Baadaye nikawa nafika "Mimi ni," pumzi inakata. Watoto wa shule waliokuwa wakirudi nyumbani walinipita wakiimba, mmoja akiwa na kiatu kimoja mguuni na cha pili mkononi.

Kisha akanifikia susu mmoja, yaani nyanya wa kijijini, mkanda kwenye paji la uso, mtungi wa maji mgongoni. Kwa adabu za kwetu, mtu mzima hakupiti tu kama matatu. Akapunguza mwendo kwa heshima yangu, akaanza kunijulia hali: habari ya safari, habari ya kazi, habari ya watoto, Nairobi kuna mvua, unga ni pesa ngapi. Maswali yalikuwa mazuri na yalistahili majibu. Mimi nilikuwa na kichwa cha kutikisa tu. Akanitazama kwa huruma, akaniombea kwa Kikamba, akaongeza mwendo.

Jioni hiyo nyumbani kwetu kulijaa watu. Mmoja alileta uji, mwingine ndizi, wa tatu alikuja na Biblia. Habari ilikuwa imevuka vilima viwili kwamba mtoto wa fulani amerudishwa kutoka Nairobi akiwa hawezi kusema. Nilipowasalimu kwa sauti safi, wengine walimshukuru Mungu, na yule wa Biblia alionekana kusikitika kidogo, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwa maombi marefu.

Usiku nilijipa moyo kwa historia. Ukambani si mahali pa watu wa pumzi fupi. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda mbio za marathoni za Boston miaka mitatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Patrick Makau, naye wa Machakos, aliweka rekodi ya dunia Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Damu ni ileile, nilijiambia. Damu kweli ilikuwa ya Ukambani. Mapafu ndiyo yalikuwa ya ofisini, ghorofa ya tatu, kwenye lifti.

Asubuhi mama akanitangazia kwamba siku hiyo zamu ya mwethya ilikuwa yetu.

Mwethya ni desturi yetu ya zamani ya kufanyiana kazi: leo kikundi kizima kiko shambani kwako, wiki ijayo kiko kwa jirani, na mwenye shamba kazi yake ni kuhakikisha sufuria haikauki. Siku hizi wengi wao ni akina mama. Oktoba, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka ambazo ndizo tunazozitegemea zaidi, hukarabati makingamaji. Mtindo ni ule wa fanya juu: unachimba mtaro ukiufuata mlima kwa ubavu wake, na udongo unaurusha upande wa juu, ukawa tuta. Mvua ikija, maji yanasimama na udongo wake. Miaka ikipita, mteremko unageuka ngazi, na juu ya ngazi unapanda mahindi. Wataalamu wa udongo waliipenda kazi hiyo hadi wakaichukua na jina lake lilelile la Kiswahili, na leo utawasikia Waethiopia wakisema "fanya juu".

Kwenye vitabu vyao hakuna mahali panaposema udongo ule ni mzito kiasi gani. Udongo kwa hulka yake hupenda kwenda chini, na fanya juu ni kubishana nao siku nzima. Mwenyekiti alipima kwa fimbo, akanikabidhi kipande changu katikati ya akina mama wawili, nikakumbuka nguzo ya tatu, nikakung'uta mikono. Kila jembe lililoingia ardhini nililisindikiza na neno: "Naweza! Naweza!"

"Unaomba?" akauliza mama wa kulia.

"Hapana, mama. Ninajitia moyo."

"Basi jitie polepole, mwanangu. Udongo unaniingia machoni."

Nikapunguza moyo, nikaongeza nguvu. Nilichorusha juu kilirudi mtaroni pamoja na faida. Baada ya hapo jembe likachomoka kwenye mpini, likabingirika kupita migomba, likapita kahawa, likapita mpaka wa jirani, likaendelea na safari kuelekea kijitoni. Mimi nikabaki nimesimama na mpini, kama chifu. Mtoto mdogo alitumwa. Alishuka, akalipata, akapanda nalo begani, na alipofika mimi nilikuwa bado namalizia kikombe changu cha maji.

Nilipoinua kichwa baada ya muda, niliona jambo la ajabu: kipande changu kilikuwa kimefupika. Mama wa kulia alikuwa amemaliza chake, akaingia changu bila kusema neno. Mama wa kushoto naye vivyo hivyo. Walikuwa wanakuja kila mmoja kutoka upande wake, wakizungumza juu ya bei ya maparachichi, na mimi katikati nikizidi kubanwa, hadi tulipokutana watatu na mtaro ukaisha. Hakuna aliyenipongeza, na hakuna aliyenisuta.

Hapo nikamkumbuka Eliud Kipchoge. Kila mhubiri wa hamasa nchini ana picha yake, na chini ya picha yale maneno yake kwamba hakuna binadamu mwenye mipaka. Ni kweli, tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Lakini siku ile alisindikizwa na wakimbiaji 41, mabingwa watupu, waliopokezana kwa makundi, wengine mbele kumkinga upepo, wengine nyuma yake. Kwa sababu ya mpango huo haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi ya dunia. Kipchoge mwenyewe hakuwaficha: walipokaribia mwisho walimwachia njia, akapita, nao wakamfuata wakishangilia. Wahubiri ndio hukata picha, wakambakiza peke yake. Mimi nilipomtazama mama wa kulia akipangusa jembe lake kwa majani, nilielewa kwamba Vienna walikuwa wamefanya mwethya, tofauti ikiwa ni viatu tu.

Wakati wa chai nilimuuliza mwenyekiti, kwa lugha niliyojifunza kwenye simu, ni imani gani iliyowafanya watu wa Kilungu waukabili mlima kama huu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya maji.

"Imani gani tena? Mtaro si tunauona?"

Na ukiutazama mlima wa pili kutoka pale, ngazi zake zimepangika kutoka bondeni hadi kileleni, unaelewa alichomaanisha. Miaka ya 1930 wakoloni walioiona nchi hii ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, waliandika kana kwamba inakufa: udongo umekwenda na maji, mifugo imezidi, watu wamezidi. Wakawachimbisha wazee wetu kwa amri, na uhuru ulipofika wengi waliacha, kwa kuwa kazi ile ilikuwa bado inanuka amri. Halafu wakairudia wenyewe, kwa vikundi vyao na viongozi wao. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao wa miaka sitini ya wilaya hiyo: watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Mlima uliosemekana kuwa umekwisha ulibadilishwa umbo kwa jembe, kipande baada ya kipande, na watu ambao hakuna aliyewaambia wajiamini. Walichoambiwa ni kwamba Jumanne ni kwa fulani, na asiyefika atatozwa faini.

Nilirudi nyumbani nikiwa na malengelenge na hamu ya kuandika yote haya kwenye daftari la shukrani. Sikulikuta chumbani. Lilikuwa mezani chini ya mwembe, mbele ya katibu wa kikundi. La kwao lilikuwa limejaa, na mama yangu alipoliona langu, karatasi safi, mistari mizuri, na utepe juu, aliwapa.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa bado na mwandiko wangu: "Nashukuru kwa pumzi." Chini yake katibu alikuwa amepiga mstari kwa rula na kuendelea na mambo ya maana: majina ya waliofika, aliyechelewa, aliyeleta maharagwe ya muthokoi, aliyeazima sufuria. Mwisho kabisa palikuwa na jina langu, na mbele yake neno moja: "Nusu."

"Nusu ya nini, mama?"

"Nusu siku. Ile nusu nyingine walikuchimbia hawa wawili." Katibu akaniwekea alama kwa kalamu nyekundu mbele ya majina yao. "Hapa umeandika unashukuru. Vizuri. Sasa hapa tumeandika unamshukuru nani, na utamlipa lini."

Sijawahi kusikia mafunzo ya shukrani yaliyokaza hivyo. Shukrani zangu za awali zilielekezwa kwa jua, kahawa na intaneti, wadai ambao hawajawahi kumtumia mtu ujumbe.

Hawa walituma. Zamu ya mama wa kulia ilinikuta nimesharudi Nairobi, ndani ya kikao, mbele yangu mtaalamu wa nje akituonyesha picha ya Kipchoge akiwa peke yake. Ujumbe wa katibu ukaingia: sikufika, faini yangu ni sukari na majani ya chai. Nikatuma pesa kwa M-Pesa papo hapo, nikaongeza kidogo ili nionekane muungwana. Jibu halikuchelewa, likianza na asante ya Kikamba: "Ni muvea, mwanangu. Zimefika. Lakini pesa haichimbi."

Kwa hiyo nimejaza fomu ya likizo mapema, ya Oktoba ijayo, na kwenye nafasi ya sababu nimeandika: kwenda kulipa deni. Ofisi imeirudisha. Wanataka nieleze ni benki gani.