Mhadhara Mkuu wa Opala: Je, Chembe Ipo Usipoipima?

Profesa, cheo alichojitunuku mwenyewe baada ya vyuo vyote kuchelewa, alipanda juu ya kreti ya bia pale Opala, Kongo, ukingoni mwa mto Lomami, akakohoa kwa heshima ya sayansi.

"Bapapa na bamama! Oktoba 1927 wanafizikia 29 walikutana Brussels, mji uliokuwa ukitutawala, kujadili fizikia ya kwanta. Opala haikualikwa. Ndiyo maana wakapotea."

Pamoja na majivuno yote hayo, alichoeleza baadaye kilikuwa sahihi. Louis de Broglie alifika mkutanoni na wazo kwamba chembe daima ina mahali pake, na wimbi ndilo linaloiongoza, kama mkondo wa Lomami unavyouchukua mtumbwi hata ukingoni pakiwa hapana mtu wa kuutazama. Wolfgang Pauli akambana kwa maswali, kambi ya Niels Bohr, iliyokataa kuipa chembe mahali kabla haijapimwa, ikatamba, na kufikia 1928 de Broglie alikuwa ameshaiacha nadharia yake.

Mwaka 1932 John von Neumann akachapisha uthibitisho kwamba nadharia za namna hiyo haziwezekani kabisa. Hapo Profesa alivua kofia. "Von Neumann amesema! Wewe nani hata ubishe?" Wanafizikia wengi walifikiri vivyo hivyo. Grete Hermann, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Kijerumani, alionyesha mwaka 1935 kwamba uthibitisho huo umesimama juu ya dhana isiyothibitishwa. Hakusikilizwa. John Bell alichapisha kasoro hiyo hiyo mwaka 1966. Jina kubwa lilikuwa limeishinda hoja kwa miaka thelathini na ushee, utaratibu ambao Profesa anauunga mkono kwa moyo wote.

Wakati huo David Bohm alikuwa ameshawaumbua. Alikataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani, akapoteza kazi Princeton, akahamia São Paulo, na mwaka 1952 akaitoa upya nadharia ya wimbi kiongozi, safari hii ikiwa kamili. Léon Rosenfeld, wa kambi ya Bohr, akaishambulia vikali. "Mbelgiji tena!" Profesa alinguruma, akadai fidia.

Kisha akamgeukia Einstein, ambaye barua yake kwa Rais Roosevelt ya 2 Agosti 1939 iliitaja Kongo kuwa chanzo kikuu cha urani. "Urani ya Shinkolobwe iligunduliwa 1915. Kabla ya hapo haikuwepo? Bohr anijibu!" Bohr, aliyefariki 1962, hakujibu, na ushindi ukatangazwa.

Mama mmoja muuza makayabu akainua mkono. "Papa Profesa, Bell huyo si ndiye aliyemwangusha Bohm?"

Profesa akatangaza kwamba muda umekwisha.

Jibu ni hapana. Hesabu ya Bell ya 1964 inazibana nadharia zinazodai kwamba vitu vilivyo mbalimbali haviwezi kuathiriana papo hapo. Nadharia ya Bohm haijawahi kudai hivyo, na Bell mwenyewe aliitetea. Majaribio ya Clauser, Aspect na Zeilinger, yaliyotunukiwa Nobel mwaka 2022, yanalingana na hesabu za Bohm sawasawa na yanavyolingana na za Bohr.