Hatua saba za nyumba ya kwanza Piyaya, na ipi hasa inaipima ndoa

Arusi ni siku moja. Nyumba ya kwanza ni misimu kadhaa ya kutazamana mkiwa na vumbi la saruji kwenye nyusi. Nimezipanga hatua saba kwa uzito wake, kuanzia nyepesi, nikitumia kipimo cha Piyaya, kata ya Wilaya ya Ngorongoro ambako enkaji, nyumba ya udongo ya Wamaasai, na nyumba ya bati hutazamana ndani ya boma moja. Bisha utakavyo, ila fika namba moja kwanza.

7. Rangi. Mke anataka krimu, mume anataka bluu. Vumbi la huku litawapatanisha kabla ya Krismasi: kuta zote zitakuwa kahawia. Hukumu: ugomvi wa kifahari, msiupe usiku mzima.

6. Bati. Muuzaji anawatajia geji 28 na geji 30, na mmoja wenu anarukia 30 kwa kuwa namba ni kubwa. Sivyo! Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Paa la enkaji hunyamaza mvua ikinyesha, ingawa likivuja ni mama anayepanda kuliziba. Bati haliombi kuzibwa, lakini lina kelele. Hukumu: chukueni 28. Na mkigombana usiku wa mvua, jirani haambulii hata neno.

5. Maji. Saruji italetwa na lori. Maji ya kuikoroga, na ya kumwagilia zege siku saba lisipasuke, yanataka punda, madumu na mke ambaye tayari ana ndama na watoto wanaoyasubiri maji hayohayo. Mwanamume anayetangaza kwamba ujenzi unaendelea vizuri aulizwe nani aliyeteka. Hukumu: jengeni masika yakiisha, si kiangazi kikikolea. Hata punda atawaunga mkono.

4. Fundi. "Kesho asubuhi nipo." Asubuhi hiyo haina tarehe. Watu wa Karatu, wenye tofali za kuchoma na barabara ya lami, wanaweza kumfuata kwake wakamtoa. Piyaya akishaondoka, mmemkosa mpaka awakumbuke. Hukumu: mlipeni kwa hatua, msingi, kisha lenta, kisha kupaua. Anayelipa yote mwanzoni amenunua salamu.

3. Kiwanja. Huku hukinunui kama cha mjini, kwa dalali na soda. Ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji: mnaomba, jambo linajadiliwa, na kila mzee ana neno kuhusu njia ya ng'ombe. Ana haki ya kuwa nalo. Tangu 2022, serikali ilipotangaza Pori la Akiba Pololeti lenye kilomita za mraba 1,500, mpaka si jambo la mzaha kwa mfugaji wa pande hizi. Hukumu: ulizeni malisho na mpaka kabla ya kushusha jiwe la kwanza. Nyumba iliyokaa katikati ya njia ya ng'ombe ni zizi lenye sebule.

2. Ramani. Kwa desturi ya Wamaasai mjenzi ni mwanamke. Yeye hukata fito, husuka kuta, hukandika udongo na samadi, na hukikunja kiingilio ili upepo usiingie moja kwa moja. Mke wa kwanza hujenga kulia kwa lango, wa pili kushoto, na nyumba ni zao. Mume mwenye wake watatu hana enkaji hata moja ya kuiita yake. Sasa inakuja nyumba ya tofali. Ramani kachora fundi, kakubaliana na baba, sebule inatosha kuchezea mpira, na jiko limesahauliwa nje. Mjenzi mwenye uzoefu kuliko wote bomani hakuulizwa hata dirisha liangalie wapi! Hukumu: kalamu apewe mama. Baba achague kitasa.

1. Jina. Mama aliyekuwa mwenye nyumba kwenye udongo anaweza kuhamia kwenye bati akiwa mgeni, kwa sababu tu karatasi imebeba jina moja. Hili linaniuma, maana halina ulazima wowote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mke na mume. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hukumu: majina mawili kwanza, bati baadaye. Najua utasema fundi ndiye aliyestahili namba moja. Haya, tubishane, ila njoo na hati yenu mkononi.