Kitabu Hakipandi Basi: Barua ya Wazi kwa Mkutubi Mkuu

Ndugu Mkutubi Mkuu,



YAH: PONGEZI KWA KUVILINDA VITABU DHIDI YA WASOMAJI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa tatu, shahada ya ualimu, somo la Kiswahili, katika chuo chako hichohicho, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa matokeo yangu bado yako mikononi mwenu.

Ukutani mwa maktaba yetu, kushoto ukiingia, juu ya ndoo ya kunawia mikono, umebandikwa Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Kifungu cha saba kinasema kwamba kitabu kisichokuwepo hapa, maktaba itakiazima kutoka maktaba nyingine kwa niaba ya mwanachuo ndani ya siku 14 za kazi. Nilikisoma mara tatu. Karatasi ina lamineshini, ina nembo, ina saini yako. Mimi mtoto wa mkulima nimelelewa kukiamini kitu chenye lamineshini.

Kitabu nilichokitaka ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Kilitoka 1954. Karibu kila mtu niliyemsoma kuhusu vina na mizani anamtaja Sheikh huyo, ama kumkubali ama kumbishia, na msimamizi wangu aliandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa sura ya pili ya tasnifu yangu: “Umemsoma Amri mwenyewe, au umesimuliwa?” Nilikuwa nimesimuliwa.

Nilipofika kaunta nikasema natafuta Sheria za Amri, dada wa kaunta alinielekeza kwa mwanasheria wa chuo.

Tulipoelewana, aliinama chini ya meza akaibuka na fomu. Ni nakala ya nakala ya nakala. Mistari yake imepinda kama barabara ya Kitonga, na mahali pa tarehe pamechapwa 19, kisha nukta mbili za kujazia. Nikauliza nifanyeje. “Kata, andika juu,” akasema. Nikaikata karne nzima kwa kalamu ya bluu.

Fomu inataka saini ya msimamizi, mkuu wa idara, mshauri wa wanafunzi, mhasibu athibitishe kuwa sidaiwi ada, na mwisho yako wewe. Mhasibu alikuwa Dodoma kwenye semina. Mkuu wa idara alisaini palepale, Mungu ambariki, ila wino wa mhuri wake ulikuwa umekauka. Akaupulizia pumzi, akabonyeza, yakatoka maneno IDARA YA KISWA. Wiki iliyofuata fomu ikarudishwa: hapa chuoni hakuna Idara ya Kiswa. Nilianza kushuku kwamba azima hii si ya kitabu, ni ile ya mganga, ya kuvaa shingoni ili kinga ifanye kazi. Na kwa kweli inafanya kazi. Sijaona mwanachuo aliyewahi kuipenya.

Siku ya 14 ikapita. Ya 40 nayo ikapita, nikafikiria kumsomea Sheikh hitima.

Wakati nasubiri, nilifanya utafiti mdogo kuhusu uchumi wa usafirishaji. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, mtu akiharibikiwa na pikipiki anapiga simu Kariakoo asubuhi, anatuma hela kwa simu, spea inafungwa kwenye boksi la biskuti, inaandikwa jina na namba kwa maka peni, inakabidhiwa ofisi ya vifurushi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, na usiku anaipokea kwa kuonyesha meseji. Nimeona vifaranga wakisafiri hivyo. Nimeona keki ya harusi, ya ghorofa mbili, imepakatwa na konda kutoka Dar mpaka Makambako isimeguke hata ua moja. Kitabu peke yake ndicho kisichopanda basi. Dada wa kaunta alinieleza sababu: kitabu ni mali ya taasisi, kikipanda basi kitapotea.

Jirani zetu Wakenya hawakujua hilo. Mwaka 1996 huduma yao ya taifa ya maktaba ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa watoto wa wafugaji, ngamia mmoja kabeba vitabu na mwingine kabeba hema la kusomea. Ngamia hana risiti, hana konda, wala hana mhuri. Bila shaka siku moja mtaalamu atatoka chuoni kwetu kwenda kuwaonya.

Nao wakutubi wa dunia wamepotoka kitambo. Shirikisho lao la kimataifa, IFLA, lilikubaliana kanuni za kuazimana vitabu kati ya nchi na nchi mwaka 1954, mwaka uleule wa kitabu cha Sheikh. Mwaka 1995 likaanzisha vocha: kipande cha plastiki ambacho maktaba moja ilimlipa nacho mwenzake kwa kuazimwa kitabu, na aliyelipwa akakitumia tena kumlipa mwingine, bila kuhangaika na benki na fedha za kigeni. Kama kete za bao, kwa kweli. Nilipomwonyesha dada wa kaunta picha yake kwenye simu aliniuliza kama inalipa na maji.

Kuna jambo linalonichekesha zaidi, ingawa ni kicheko cha msibani. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, katika miswada aliyoikusanya kasisi Mwingereza William Taylor, yamehifadhiwa SOAS, London. Baadhi ya miswada ya Kiswahili ya huko imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, nami nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya maji bwenini. Yaani mwandiko wa hati ya Kiarabu uliovuka bahari umenifikia mimi mwenye ndoo, na kitabu kilichopigwa chapa, kilichopo Dar es Salaam, hakijavuka Ruaha.

Siku ya 61 nilijibiwa. Maktaba tuliyoiomba, tena kubwa, inacho kitabu. Ina nakala mbili: moja haitoki nje, ya pili inatoka. Lakini chuo chetu hakiazimwi tena mpaka kirudishe kitabu walichotuazima mwaka 2011, ambacho wametuandikia barua nne wakikiulizia.

Nikaenda kuuliza mambo haya huendeshwaje. Kumbe kitabu cha namna hii haazimwi mtu, huazimwa maktaba. Mimi nikikipoteza, wenyewe hawanijui wala hawanitafuti. Wanaijua maktaba yangu, nayo ndiyo inayolipa. Ndiyo maana huwezi kwenda kuomba mwenyewe na kitambulisho chako kizuri. Huduma nzima imesimama juu ya nguzo moja, kwamba mkutubi wa huku anamwamini mkutubi wa kule. Si hela, maana nauli ya kifurushi naijua. Si ukosefu wa teknolojia, maana orodha ya vitabu vyao ilinifungukia kwenye simu ya kioo kilichopasuka. Tumenyimwa kwa sababu tunadaiwa, na anayedaiwa si mwanachuo.

Sasa, Ndugu Mkutubi Mkuu, kitabu hicho cha 2011 nimekiona.

Nilikiona siku nilipoleta fomu yangu usaini. Ulikuwa unaongea na simu, ukanionyesha kiti kwa kidevu. Printa yako imekaa juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo pana kitabu chenye jalada la kijani. Kwenye ubavu wa kurasa zake, pale tunapopiga mihuri ili mwizi asijidai, jina la wenyewe linasomeka vizuri kabisa. Wino wao haukukauka. Kila printa ilipochapa, kitabu kilitetemeka kidogo, nami nikasogeza miguu nikidhani ni panya.

Nakiri kosa langu nalo, lisije likaibuliwa na mwingine. Binamu yangu anasoma Dar. Aliingia maktaba ile, akaketi kwa saa nne, akanipigia picha kitabu cha Sheikh kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, akanitumia usiku bando lilipokuwa rahisi. Kidole gumba chake kimo kwenye kila picha ya tatu. Sasa nakijua kidole kile kuliko uso wake. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 nitaijibu nikiitwa. Kurasa mbili aliziruka kwa kugandana, na msimamizi, kama mjuavyo wasimamizi, aliniuliza kuhusu hizohizo.

Kwa hiyo siombi tena kitabu. Nyuma yangu kuna mwaka wa pili, na mmoja wao ameshaanza kuuliza fomu inapatikana wapi. Naomba kile cha kijani kirudi kwao. Basi la alfajiri linaondoka saa kumi na mbili. Ofisi ya vifurushi inafungua saa kumi na nusu, na mzigo wa kilo moja ni shilingi 5,000, ambazo nimeziacha kwa dada wa kaunta ndani ya bahasha yenye jina lako. Risiti itunzeni, wenyewe wataitaka.

Ili printa isiyumbe, wekeni fomu chini ya ule mguu. Zilizobaki kwenye boksi nimezipima kwa rula: unene ni uleule.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanachuo wa mwaka wa tatu