Harrier ya Katoro na Kilomita Zake

Huku kwetu, kuanzia Shinyanga mjini hadi Geita, mtu akikwambia anauza gari usimuulize injini ikoje. Muulize duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, likoje. Magari ya kifahari ya ukanda huu hayanunuliwi kwa mshahara wala kwa mkopo wa benki. Yananunuliwa wiki ile duara limetema, na yanaingia sokoni wiki ile duara limejaa maji. Katikati hapo ndipo gari linapoonja mateso yote ambayo wewe mnunuzi unatakiwa uyagundue kwa nusu saa, huku dalali amekushika bega na kukuita bosi.

Mimi si bosi, ni mwalimu. Ninayo IST inayonitosha. Tatizo ni kwamba shemeji yangu wa Kahama amenunua Harrier, na tangu siku hiyo ukoo mzima unaitazama IST yangu kama kipele usoni mwa bibi harusi. Nikifika kwenye msiba naelekezwa nikaegeshe nyuma ya choo.

Basi nikaanza kutafuta. Kwanza niliitiwa BMW X3 hapo Kahama, safi, viti vya ngozi, inanukia pafyumu. Nikauliza tairi la akiba liko wapi. Nikaambiwa gari za hivi hazina haja ya tairi la akiba, tairi zake zikipata pancha zinaendelea kutembea. Ni kweli, zinatembea: kilomita kama 80, kwa mwendo usiozidi 80. Kutoka Kahama hadi Geita kwa kupita Kakola ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo kila safari ningelazimika kuiomba pancha ichague sehemu yenye watu. Nikaaga.

Ndipo akapatikana dalali wa Katoro, huko huko Geita. Alikuwa na Harrier nyeusi, ile ya toleo la pili lililoanza kutoka Japani mwaka 2003, ambayo vijana wa mjini waliibatiza tako la nyani na hakuna aliyewahi kuomba radhi. Gari hilo hilo Wamarekani waliuziwa kwa jina la Lexus RX, na ndiyo sababu mwenye Harrier wa kwetu hapati usingizi mpaka amng'oe yule ndege wa kwenye grili na kubandika L. Hii ya Katoro ilikuwa na L mbele, na nyuma imeandikwa HARRIER. Uraia pacha, jambo ambalo sheria yetu haijaliruhusu hata kwa binadamu.

"Namba E hiyo, bosi!" dalali akaniambia, kama anayenitajia umri wa binti.

Namba E inakueleza gari liliandikishwa lini Tanzania. Lilizaliwa lini ni habari nyingine, na hili lilizaliwa 2005. Jirani zetu Kenya gari lililozidi miaka 8 halikanyagi bandari yao. Sisi tuna huruma: likizidi 8 tunaliongezea ushuru wa uchakavu, likizidi 10 tunaongeza zaidi, halafu tunalikaribisha, linapewa namba mpya na kuanza ujana upya. Bei, milioni 24, maelewano yapo.

Nilikwenda na fundi wangu kutoka Shinyanga, mzee asiyecheka. Hakupiga teke tairi, hakufungua mlango. Aliweka kiganja juu ya boneti, akanigeukia. "Mwalimu, limeshawashwa hili." Ilikuwa asubuhi, jua halijachomoza vizuri, na boneti ungeweza kuchomea mahindi. Fundi anataka injini iwashwe ikiwa ya baridi, maana magonjwa ya injini huamka nayo. Ikishapata moto yanajificha. Dalali akasema alikwenda kunywa chai. Mgahawa tuliuona, uko ng'ambo ya barabara.

Tukafungua boneti. Ndani mlikuwa mnang'aa. Nikafurahi, fundi akanuna. Injini ya miaka ishirini huku kwenye vumbi la Katoro haina sababu ya kung'aa, labda kama kuna mahali inavujisha oili na mtu hataki uone. Akaacha ipoe, akafungua rejeta, akachovya kidole. Kulanti hakuna. Maji matupu, yana rangi ya chai ya rangi. Mimi naamini ni maji ya Ihelele, yale yale yanayotoka Ziwa Victoria hadi bombani kwangu na kuniletea bili.

Halafu akawasha swichi bila kupiga stata. Taa za dashibodi zikawaka zote: ya betri, ya oili, ya mkanda, ya eabegi. Ya cheki injini haikuwaka.

"Unaona?" dalali akapiga makofi. "Haina tatizo hata moja!"

Fundi akamtazama kwa muda mrefu. Taa ile inatakiwa iwake na wenzake kwanza, ndipo izime gari likishanguruma. Isipowaka kabisa, si kwamba injini ni nzima. Kuna mtu ameiziba mdomo.

Nyuma gari lilikuwa limekaa chini. Dalali akaeleza bila kuulizwa kwamba hiyo ni AIRS, ile Harrier inayotumia upepo badala ya springi, inajishusha yenyewe kumheshimu anayepanda. Ni kweli Harrier za AIRS zipo. Fundi akalala chini ya gari, akatoka na vumbi kisogoni. "Springi za chuma," akasema. "Tena moja imekatika." Tukainua zulia la buti. Chini yake kulikuwa na unga wa kijivu, laini, uliojaa kwenye kila kona, na kipande cha kiroba. Kila mtu wa Geita anaujua unga ule. Ni wa mawe. Hii Harrier ya viti vya ngozi ilikuwa ikibeba viroba vya mawe kutoka machimboni kupeleka kwenye karasha la kusaga.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuwaelewa watu wetu. Tangu soko la dhahabu lifunguliwe Geita mwaka 2019, mchimbaji na mnunuzi wanakaa na mzani katikati, wanapima mpaka pointi ya mwisho, wanagombania usafi wa mzigo, na hakuna anayemwona mwenzake mchawi. Lakini watu hao hao, mteja wa gari la milioni 24 akiinama kuchungulia springi, wanamwambia hana imani. Pointi moja ya dhahabu inatafutiwa mzani. Gari zima linapimwa kwa kiapo.

Kilichonimaliza ni stika. Mlango wa dereva, pale kwenye nguzo, kulikuwa na karatasi ndogo ya Kijapani ambayo gereji za kule hubandika baada ya kumwaga oili. Maandishi sikuyaelewa, ila tarakimu ni tarakimu: kilomita 118,000. Nikainama kwenye dashibodi. Inasoma 83,000.

Nikamwita dalali. Akaitazama stika, akaitazama dashibodi, akapata jibu haraka kuliko mwanafunzi wangu yeyote.

"Mwalimu, Wajapani wanasoma kutoka kulia."

Tulilijaribu barabarani hata hivyo, maana mafuta nilishatia. Redio ikatusalimia kwa Kijapani, sauti ya dada mpole anayedai kadi ambayo haijawahi kufika Afrika. Ramani ilituonyesha tuko baharini. Usukani ulivuta kushoto, shokapu zikagonga kila tuta, na AC, ambayo dalali aliiita ya kugandisha, ilitupulizia vumbi la msimu uliopita. Fundi hakusema neno hadi tuliposhuka. Akaomba hela yake, akaenda kusubiri basi.

Mimi nikabaki kubishania bei, kwa sababu bado nilikuwa namfikiria shemeji. Nikataja milioni 14. Dalali akampigia mwenye gari, akasogea pembeni, akarudi anacheka. Duara la bwana yule limetema alfajiri ile. Harrier haiuzwi tena. Mwenyewe anaipeleka ikapigwe rangi.

"Ila usijali, bosi. Jirani yake duara limejaa maji tangu juzi. Ana Harrier nyeupe, namba E. Nikuitie?"

Nikamuuliza imetembea kilomita ngapi.

"Wewe ungependa iwe na ngapi?"